Shimo la Buzwagi na Visima vya Jirani

Mwaka 2009 ulikuwa na mambo matatu kwa wilaya kame ya Kahama. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulianza uzalishaji, maji ya Ziwa Victoria yakafika mjini kwa bomba, na Bunge likatunga Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji.

Shimo la mgodi likipita kina cha maji, sharti pampu zilikaushe, na visima vya jirani huweza kupungua. Sisi wa Kurasini twalijua hilo kwa ulimi: ukivuta mno karibu na bahari, kisima huingia chumvi.

Sheria inadai kibali cha bodi ya bonde. Vyema. Lakini nani apimaye kisima cha mwanakijiji ambaye bomba halikumfikia?

Uzalishaji Buzwagi ulikoma 2021. Pampu zikinyamaza, maji hurudi shimoni polepole, yakiosha miamba iliyofunuliwa. Yapimwe kila msimu, na wanakijiji wasomewe matokeo.