Stendi ya TV: Samani Iliyofuata Umbo la Televisheni

Stendi ya TV ni samani changa jijini Dar es Salaam, kwa sababu Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni yenyewe. Zanzibar ilikuwa na kituo cha rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini upande wa Bara serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu televisheni kuwa anasa. Wachache waliokuwa na seti Dar walisimamisha antena ndefu wakinasa matangazo ya Unguja. Masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984, seti na deki za video zikaongezeka. Vituo vya Bara vilianza mwaka 1994: ITV, DTV na CTN.

Kabla ya hapo kifaa cha heshima sebuleni kilikuwa redio, nayo ilitosheka na meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma. Televisheni haikukubali meza hiyo. Seti za wakati ule, ambazo sasa huitwa TV za chogo, zilikuwa na kisogo kirefu na uzito mwingi ulioelemea upande wa kioo. Ya inchi 21 ilikaribia nusu mita kwenda nyuma. Meza nyembamba ingepinduka, kwa hiyo fundi alilazimika kutengeneza kitu kipana, kifupi na kizito.

Kazi hiyo iliangukia mikononi mwa maseremala wa mtaani, hasa Keko wilayani Temeke, ambako karakana na vibanda vya samani vimejipanga kando ya barabara. Umbo lililozoeleka lilikuwa kabati la urefu wa magoti au zaidi kidogo: juu TV, katikati rafu ya deki, chini milango miwili ya kuhifadhia kanda, mara nyingi yenye kufuli. Waliojiweza waliagiza kabati la ukuta mzima lenye vioo, glasi za wageni zikipangwa kuizunguka TV. Katika chumba kimoja cha kupanga kabati kama hilo lilikula nafasi ya kutosha, lakini lilikuwa pia stoo ya nguo na vyeti, na pengine hilo ndilo lililolifanya lipendwe.

Mbao iliyotakiwa ilikuwa mninga. Hupindika na kusinyaa kidogo tu ikishakauka, jambo la maana katika joto na unyevu wa pwani, na rangi yake ya kahawia haihitaji kufichwa. Mkongo ulikuwa mbadala, ila ni mzito zaidi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, magogo ya misitu ya kusini yalifika Dar kwa urahisi kiasi cha kutishia misitu yenyewe. Mninga ulipozidi kupanda bei, paina ya mashamba ya Sao Hill, Mufindi, ilichukua nafasi kwenye kazi za bei nafuu, ikipakwa rangi ifanane na mninga. Mnunuzi mjuzi huvuta droo na kutazama upande wa ndani, ambako rangi haikufika.

Umaliziaji ndio hutenganisha fundi na fundi. Baada ya randa, mbao husuguliwa kwa msasa mkavu kufuata nyuzi zake, kwanza wa kukwaruza kisha laini. Ikisuguliwa kukatisha nyuzi, mikwaruzo hujitokeza vanishi ikishapakwa. Nyufa na matundu ya misumari huzibwa kwa unga wa mbao hiyohiyo uliochanganywa na gundi. Hufuata sila ya kuziba vinyweleo, msasa laini tena, halafu vanishi iliyopunguzwa kwa thina na kupulizwa kwa kompresa. Hapo masika huleta matatizo yake: vanishi ya kupuliza ikinasa unyevu wakati inakauka, huacha ukungu mweupe juu ya mbao. Vumbi la barabarani nalo hunata. Fundi anayefanyia kazi nje husubiri jua, mteja alalamike asilalamike.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na king'amuzi kikawa lazima kwa aliyetaka kuendelea kuona vituo. Stendi ikahitaji rafu ya wazi, ili rimoti ifanye kazi na joto litoke, pamoja na tundu la nyaya mgongoni. Wakati huohuo TV bapa zilikuwa zinaondoa zile za chogo. Kina kikapungua, urefu ukaongezeka, na kabati likawa benchi refu na la chini. Uzito ulipopungua, MDF, yaani ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, nayo ikakubalika. Kasoro yake ni kuvimba inapolowa maji ya kudekia, ndiyo maana stendi nzuri za MDF huinuliwa kwa miguu.

TV bapa inaweza kutundikwa ukutani bila stendi kabisa, lakini mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta wa mwenye nyumba bado anahitaji stendi. Na hata aliyetundika hubakiza benchi la droo chini yake, kwa ajili ya king'amuzi, spika na nyaya za umeme.