Jinsi ya kuepuka utepe wa nuru katika picha za ndege

MPIGA picha anaweza kuinasa ndege ikipaa kwa ustadi mkubwa, kisha akaiharibu picha hiyo kwa mkono wake mwenyewe mbele ya kompyuta.

Kasoro inayowaponza wengi ni utepe wa nuru, yaani ukanda mwembamba mweupe unaozunguka mkia, mabawa na mgongo wa ndege pale vinapopakana na anga.

Tovuti kubwa za picha za ndege, kama vile Airliners.net na JetPhotos, zina wakaguzi wanaochunguza picha kabla ya kuzichapisha. Picha yenye utepe huu inaweza kukataliwa hata ikiwa ni ya ndege adimu.

Chanzo cha kwanza ni kuzidisha ukali wa picha. Programu za kuhariri huongeza ukali kwa kung'arisha upande mmoja wa ukingo na kutia giza upande wa pili. Katika picha ya msitu kasoro hiyo hujificha kati ya majani, lakini nyuma ya ndege kuna anga tupu, hivyo hakuna cha kuificha.

Chanzo cha pili ni kuangaza vivuli kupita kiasi. Katika miji iliyo karibu na Ikweta, kama Nairobi, jua la adhuhuri huwa karibu na utosi na tumbo la ndege hubaki gizani. Mhariri anapolazimisha sehemu hiyo ing'ae, anga iliyo kando yake huweza kung'aa pia.

Kwa hivyo, tiba huanzia uwanjani. Inafaa kupiga picha asubuhi au alasiri, jua likiwa mgongoni, na kuhifadhi faili ghafi badala ya kuiachia kamera kazi ya kuongeza ukali.

Aidha, ndege iliyo mbali isipigwe wakati lami imepata joto. Hewa inayotetemeka hufifisha picha, na hakuna programu itakayoirejesha vyema.

Wakati wa kuhariri, picha ipunguzwe ukubwa kwanza, na ukali uongezwe mwishoni, kidogo kidogo, kwa upana wa nusu pikseli au chini yake. Baada ya kila hatua, kingo za mkia na mabawa zikaguliwe picha ikiwa katika asilimia 100.

Hata hivyo, si kila mstari ukingoni ni utepe wa nuru. Mstari wa zambarau au kijani hutokana na lenzi, na huondolewa kwa kurekebisha kasoro za lenzi.

Utepe ukishajitokeza, kuufuta kwa brashi mara nyingi huacha madoa angani. Njia salama ni kurudia faili asili na kuanza upya, na ndiyo maana faili hiyo haifai kufutwa kamwe.