Madampo ya Dar es Salaam: Kutoka Tabata hadi Pugu Kinyamwezi

Dampo la Tabata lilianza kupokea taka za Dar es Salaam katika miaka ya 1960, eneo hilo lilipokuwa bado nje ya mji. Mji ukalifuata. Viwanja vilipimwa, nyumba zikajengwa, familia zikahamia, na malori ya Halmashauri ya Jiji yakaendelea kuja kama kawaida. Dampo la namna hiyo halikuwa na udongo wa kufunikia wala mfereji wa kuzuia maji machafu. Lori linarudi nyuma, linamwaga, linaondoka. Kinachobaki huoza chini na kuungua juu. Moto wenyewe ni vigumu kuuzima, kwa sababu hutambaa ndani ya lundo ukilishwa na gesi ya vyakula vilivyooza pasipo hewa. Ndiyo maana moshi wa dampo hudumu wiki nzima bila mwako kuonekana, na nguo zilizoanikwa mtaa wa pili huanuliwa zikinuka.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walifungua Kesi ya Madai Namba 299 katika Mahakama Kuu. Mwaka huo una uzito wake. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini serikali ilijipa muda wa kurekebisha sheria zake, hivyo raia hakuweza kuzidai mahakamani hadi Machi 1988. Mnamo Septemba mwaka huohuo mahakama iliiamuru Halmashauri iache kumwaga taka Tabata na itafute mahali ambapo hazitahatarisha watu. Halmashauri haikuhama. Ilirudi mahakamani kuomba kuongezewa muda, kisha ikarudi tena. Katika moja ya maombi hayo Jaji Lugakingira alieleza mshangao wake kwamba mamlaka ya umma inaweza kusimama mbele ya mahakama na kuomba ruhusa ya kuchafua hewa ya watu. Akaihusisha kero hiyo na ibara ya 14 ya Katiba, yaani haki ya kuishi. Hadi leo uamuzi huo unasomwa katika vitivo vya sheria, na si vya Tanzania pekee.

Wakazi hao walidai haki yao katika nchi yenye sauti chache za habari. Magazeti ya kila siku yalikuwa mawili: Uhuru, mali ya chama, na Daily News, mali ya serikali. Bara redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na televisheni haikuwepo. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri mamlaka ya kulifungia gazeti. Malalamiko ya mtaa yalipitia kwa mjumbe wa nyumba kumi, yakapanda hadi kwa diwani, na mara nyingi yakaishia hapo. Mahakama ilikuwa mlango wa pembeni uliokuwa umefunguliwa karibuni, na watu wa Tabata waliuona mapema kuliko wengi.

Taka zilipoondoka Tabata mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilipelekwa Kunduchi Mtongani, upande wa Kinondoni, karibu na bahari. Halmashauri ilidhani imepata pa kupumulia. Mwaka 1991 mamia ya wakazi wa huko nao walikwenda Mahakama Kuu, wakaeleza kwamba ramani ya mipango miji inalitaja eneo hilo kuwa la makazi. Jaji Rubama alikubaliana nao na kulizuia Jiji. Safari hii hapakuwa na miaka ya kuongezewa muda. Taka zikaelekezwa Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya manung'uniko ya huko, zikavuka kwenda Mtoni, Temeke.

Mwelekeo wa safari hiyo unasema mengi. Walioshinda kesi walikuwa na hati za viwanja, elimu ya kuandika madai na watu wa kuwaunga mkono. Vingunguti na Mtoni yalikuwa makazi ya watu wa kipato cha chini, mengi hayakupimwa, na mwenye nyumba isiyo na hati husita kumshitaki mwenye mji. Ushindi wa mtaa mmoja ulikuwa mzigo wa mtaa mwingine, na hakuna hukumu iliyoweza kulitatua hilo, kwa kuwa taka zenyewe hazikupungua.

Katika miaka hiyohiyo ya 1990 mambo mengine yalikuwa yakibadilika. Waandishi wa habari walianzisha chama chao cha mazingira, JET, mwaka 1991. Majira lilianza mwaka 1993, Nipashe likafuata, televisheni za binafsi zikaingia hewani mwaka 1994, na Baraza la Habari likaundwa mwaka 1995. Mwaka 1994 wanasheria wa mazingira nao waliunda LEAT. Mtaro ulioziba Manzese au lundo lililoachwa sokoni sasa lilipigwa picha na kuchapishwa, na ofisa wa afya akalazimika kujibu. Upande wa uzoaji, Jiji lililokuwa likizoa sehemu ndogo tu ya taka zake lilianza mwaka 1994 kukabidhi kata za katikati kwa kampuni binafsi. Kufikia mwisho wa muongo vikundi vya mitaani, vingi vya wanawake, vilikuwa na zabuni zao. Hananasif, Kinondoni, kikundi cha namna hiyo kilipita nyumba kwa nyumba na mikokoteni, kikikusanya taka na ada yake. Kukusanya ada ndiko kulikokuwa kazi ngumu zaidi.

Mtoni ndiko teknolojia ilikoingia. Mradi wa kuvuna gesi ya dampo, uliofanywa na Jiji pamoja na kampuni ya Italia, ulisajiliwa chini ya utaratibu wa Itifaki ya Kyoto, ulioruhusu miradi kuuza upunguzaji wa gesi joto. Visima vilichimbwa katika lundo, mabomba yakaunganishwa, gesi ikavutwa na kuchomwa. Kuichoma kuna faida kubwa: tani moja ya methani hulipasha joto anga takribani mara 28 kuliko tani moja ya kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Lakini mpango wa namna hii ulilipwa na soko la kaboni la Ulaya, nalo soko hilo liliporomoka bei katika miaka ya 2010. Jirani wa Mtoni hakuuza kaboni yoyote. Kilichomwondolea malori ni Pugu Kinyamwezi, dampo lililochukua nafasi hiyo nje kabisa ya mji.

Teknolojia iliyofuata ni ya chini zaidi, na pengine ya busara zaidi. Sehemu kubwa ya taka za Dar es Salaam ni za jikoni na sokoni: maganda ya ndizi, majani, mabaki ya mboga. Mabwepande, kule walikohamishiwa waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011, Manispaa ya Kinondoni ikishirikiana na jiji la Hamburg ilijenga kiwanda cha mboji. Taka za sokoni hupangwa matuta marefu, hupinduliwa mara kwa mara ili hewa ipenye, hupata joto la kuua vijidudu, kisha huchekechwa. Zikipata hewa, methani huwa haba. Chupa na plastiki hushikwa mapema na waokotaji, ambao hupima kwa kilo na kujaza salfeti. Mifuko ya plastiki yenyewe ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, miaka miwili baada ya viroba vya pombe.

Haki ya kusema kuhusu mambo hayo haikusonga kwa mwendo huo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilimpa kila mtu haki ya mazingira safi na ruhusa ya kuidai mahakamani, jambo ambalo Tabata walilipigania bila sheria kama hiyo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilifuta ile ya 1976 lakini ikabakiza mamlaka makubwa kwa serikali, na mwaka 2017 magazeti ya Mawio, MwanaHALISI na Raia Mwema yalifungiwa. Mwaka 2018 marekebisho ya Sheria ya Takwimu yalifanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali. Yalilegezwa mwaka 2019. Kundi la wakazi linalopima moshi wa dampo na kutangaza vipimo vyake lingeweza kujikuta matatani katika kipindi hicho. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliona vifungu kadhaa vya sheria ya 2016 vinakiuka mkataba wa jumuiya, Februari 2022 leseni za baadhi ya magazeti zilirejeshwa, na sheria yenyewe ikarekebishwa mwaka 2023.