Simanzi na Saratani: Lawama Iliyovuka Bahari

Akifa mtu kwa saratani huku Kuze au Kibokoni, matangani hakosekani mmoja wa kusema kuwa marehemu alijitia mawazo mno. Mjane, mke aliyeachwa, ndugu aliyedhulumiwa urithi: kila mmoja hutafutiwa huzuni iliyomla. Kauli hiyo haikuzaliwa Mombasa, na imewaumiza wagonjwa kwa karne nyingi.

Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliamini kuwa saratani hutokana na nyongo nyeusi, ile ile aliyoihesabu kuwa chanzo cha simanzi. Elimu yake ilitafsiriwa kwa Kiarabu, Ibn Sina akaipanga upya katika Qanun, na tiba ya tabia nne za mwili ikafika pwani yetu pamoja na vitabu na wanazuoni. Mwanaanthropolojia Marc Swartz, aliyechapisha kitabu juu ya Waswahili wa Mombasa mwaka 1991, aliikuta Mji wa Kale ingali hai: afya ni mizani, na mizani ikienda upande mtu huugua. Ulaya nako wazo la Galen lilidumu. Mwaka 1893 Herbert Snow, daktari wa hospitali ya saratani ya London, aliandika kuwa kati ya wagonjwa wake 250, 156 walikuwa wametangulia kupatwa na taabu. Lakini nani kati yetu, akiulizwa akiwa kitandani, atakosa msiba wa kuutaja?

Jibu zito lilitoka Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu, hospitali hadi hospitali, mpaka kusini mwa Afrika, wakichora ramani ya ugonjwa huo. Ulifuata joto na mvua. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakakiona kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Mtoto wa miaka sita ana mawazo gani ya kumwotesha uvimbe tayani?

Hata hivyo lawama ilipata wafadhili. Hans Eysenck wa London, aliyepokea fedha za kampuni za tumbaku, alidai kuwa tabia ya mtu huleta saratani kuliko sigara. Ilipofika 2019, King's College London ilitamka kuwa makala 26 alizoandika na Ronald Grossarth-Maticek si za kutegemewa. Hilo latuhusu. Popoo, hata bila tumbaku, huleta saratani ya kinywa, nasi twaisamehe tambuu tukaishtaki huzuni ya mlaji wake.

Uchunguzi mkubwa haujaiunga mkono kauli ya matangani. Mwaka 2013 watu wapatao 116,000 wa Ulaya walichunguzwa, na msongo wa kazini haukuonekana kuongeza saratani. Dhiki ina kazi nyingine. Mwaka 2006 watafiti wa Houston walionyesha kwa panya kuwa msongo wa muda mrefu husaidia uvimbe uliokwisha kuota kujijengea mishipa ya damu. Kwa binadamu, njia iliyo wazi zaidi ni ya kuzunguka: aliyeelemewa huvuta zaidi, hulala vibaya, huchelewa kwa daktari.

Na ugonjwa wenyewe huzaa dhiki. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Mombasa aliyehitaji tiba ya miale katika hospitali ya serikali hakuwa na pengine ila Kenyatta, Nairobi, mwendo wa kilomita karibu 480, huku jamaa wakichangishana. Juu ya hayo akiambiwa amejitakia, huuficha uvimbe chini ya buibui mpaka siku ya kupelekwa hospitali ya Makadara, ukiwa umeshaenea.

Je, kumpunguzia mgonjwa dhiki humrefushia maisha? Mwaka 1989 David Spiegel wa Stanford aliripoti kuwa wanawake wenye saratani ya titi iliyoenea waliokutana kila wiki kuzungumza waliishi zaidi. Pamela Goodwin wa Kanada aliurudia uchunguzi huo kwa wanawake 235, na mwaka 2001 akatangaza kuwa umri haukurefuka. Huzuni na maumivu, lakini, yalipungua kwa waliokuwa wameelemewa zaidi.