Safu ya Lugha: Sailensi

Fundi wa bodaboda akisema pikipiki "haikai sailensi", hazungumzii kelele. Anamaanisha injini huzima mara dereva anapoachia eksileta. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya ukimya. Gereji imelipatia kazi nyingine, na mimi naona linafaa: mngurumo wa chini wa injini inayosubiri.

Mara nyingi ugonjwa uko kwenye kabureta, katika jeti ndogo, iliyozibwa na masalia ya petroli iliyolala. Wengi hukimbilia kukaza skrubu ya sailensi. Injini haizimi tena, ila jeti bado imeziba! Isafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Usiichokonoe kwa waya: tundu likipanuka, petroli huzidi na plagi huwa nyeusi.