Kiasi cha Bunduki: Habari za Gobori katika Shinyanga na Nchi za Geita

Katika Kiswahili cha zamani neno kiasi lilikuwa na maana mbili. Ya kwanza kila mtu aijua: ni kadiri ya kitu, isiyozidi wala kupungua. Ya pili imesahauliwa na wengi. Watu walisema "kiasi cha bunduki", yaani baruti na risasi ya kutosha mlio mmoja, vilivyokwisha kupimwa na kufungwa pamoja. Edward Steere, Askofu wa Unguja aliyefariki mwaka 1882, aliliweka neno hili katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Leo twataka kueleza jinsi bunduki zilivyofika Shinyanga na nchi za Geita, na jinsi mkono uliopima baruti ulivyoweza kumlisha mwindaji au kumwua.

Uwindaji ulikuwako kabla ya bunduki, tena ulikuwa kazi ya mafundi. Katika Usukuma wawindaji wa tembo walikuwa na chama chao, Bayege, chenye dawa zake na masharti yake, na mtu hakuingia bila kufundishwa. Silaha zao zilikuwa mikuki na mishale ya sumu. Bei ya pembe ilipopanda pwani katika karne ya 19, Wanyamwezi, Wasumbwa na Wasukuma walizichukua mabegani mpaka Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga, vipipa vya baruti na bunduki. Mwaka 1888 Balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kutoka pwani hii peke yake. Nyingi zilikuwa kuukuu, zilizotupwa na majeshi ya Ulaya yaliyokwisha kupata nyingine zilizo bora. Chuma kilichoonekana kibovu Ulaya kilipata bei nzuri Tabora.

Habari ya Msiri yaonyesha nguvu ya silaha hizi. Yeye alikuwa Msumbwa, na Usumbwa ni nchi ya Bukombe, Mbogwe na sehemu za Kahama, kusini ya Geita. Baba yake, Kalasa, alifanya biashara mpaka Katanga, na mtoto akamfuata huko, akiwa na watu wachache na bunduki chache katika nchi ambayo watu wake hawakuwa nazo. Akawa mfalme mkubwa, na mji wake ukawa Bunkeya. Wafuasi wake waliitwa Bayeke, jina ambalo hudhaniwa kuwa ndilo lile la Bayege, wawindaji wa tembo. Lakini ufalme uliosimama juu ya bunduki ulisimama pia juu ya baruti, nayo ilitoka mbali, pwani ya mashariki na pwani ya magharibi. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya Leopold, Mfalme wa Ubelgiji.

Sasa tuitazame bunduki yenyewe. Gobori hujazwa kwa mdomo wa mtutu. Mwindaji hutia baruti, huifunika kwa tambara, hutia risasi, kisha hushindilia kwa mdeki. Katika gumegume baruti kidogo huwekwa katika kifa, kile kibakuli kilicho karibu na tundu la mtutu. Jiwe hugonga chuma, cheche huruka, na moto hupita tunduni. Bunduki za baadaye zilitumia fataki badala ya jiwe, kwa uvumbuzi ulioanzishwa na padre mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyepata hati yake mwaka 1807. Yeye alikuwa mwindaji wa ndege, na alichukizwa kuona ndege wakishtushwa na mwako wa kifani kabla risasi haijatoka.

Hatari zilikuwa nyingi, na karibu zote zilitokea wakati wa kujaza. Baada ya mlio, kipande cha tambara kiwakacho huweza kubaki ndani ya mtutu. Mtu akimimina baruti ya pili moja kwa moja kutoka katika pembe, moto hupanda mpaka katika pembe yenyewe, na pembe iliyojaa baruti mkononi ni maafa. Kwa hiyo fundi alimimina kwanza katika kipimo kidogo, akaifunga pembe na kuiweka mbali, ndipo akatia baruti mtutuni, uso wake ukiwa kando. Tena hapana budi risasi ifike chini kabisa na kulala juu ya baruti. Ikisimama katikati, nafasi ikabaki kati yake na baruti, mtutu huweza kupasuka kama mwanzi motoni.

Hatari kubwa kuliko hizo ni kusahau. Mtu hujaza bunduki asubuhi asione mnyama; jioni huikuta ukutani, hudhani ni tupu, akaijaza tena. Dawa yake ni rahisi, na ilijulikana kila mahali palipotumiwa bunduki za namna hii: mdeki hukatwa alama inayolingana na mdomo wa mtutu ulio mtupu. Mdeki ukiingizwa na alama ikabaki juu ya mdomo, kuna kitu ndani. Mtu asidhani kosa hili ni la washamba tu. Katika vita vya Marekani, baada ya mapigano ya Gettysburg ya mwaka 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000 uwanjani. Nyingi zilikuwa zimejazwa, na karibu nusu ya zilizojazwa zilikuwa na viasi viwili. Nyingine zilikuwa na vitatu au zaidi. Nao wale walikuwa askari waliofundishwa kwa hesabu na kwa amri.

Pengine kijana atauliza: kwa nini wasiongeze baruti ili risasi ifike mbali? Ndilo wazo lililowapoteza wengi vidole na macho. Mtutu wa gobori ni laini ndani, na risasi ni ndogo kidogo kuliko tundu. Hutoka ikigongagonga huku na huku, isijulikane itaelekea wapi. Kupita hatua 50 au zaidi kidogo, kumpata swala ni bahati, na baruti nyingi haibadili jambo hilo, huongeza teke na moshi tu. Mwindaji katika mbuga tupu za Shinyanga alilazimika kunyatia kwa tumbo, upepo ukimjia usoni. Katika miombo ya Bukombe miti ilimsaidia kukaribia. Kufika mbali kulitaka mtutu wenye mifuo izungukayo ndani, ambayo huizungusha risasi hata ikanyoka katika mwendo wake.

Bunduki za namna hiyo wanakijiji hawakuziona kwa urahisi. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha mpya kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu kwa masharti gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida. Ulisemwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa, na kwa sehemu ulikuwa hivyo. Lakini pia ulihakikisha kwamba serikali za kigeni zina bunduki za kisasa na raia wana gobori.

Wakati huohuo baruti yenyewe ilibadilika. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi mwingi, yenye nguvu kupita ile nyeusi ya shura, kiberiti na makaa. Kipimo cha baruti nyeusi kikijazwa baruti hii katika gobori, mtutu hupasuka usoni pa mwenyewe. Wala baruti za kupasulia miamba, zitumiwazo katika migodi ya Geita, hazihusiani na bunduki yoyote, ingawa jina ni moja.

Huko Ulaya na Marekani wako wawindaji wajazao tena maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, ili wapate risasi za kupiga mbali bila kutofautiana. Tanzania sheria ya silaha ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali. Wale wanaoruhusiwa kwao huweka mezani baruti ya namna moja tu, hupima kila kiasi kwa mizani, kisha hupanga maganda katika kibao na kumulika ndani ya kila moja kwa taa, kabla ya kuziba kwa risasi, ili waone kama lipo lililotiwa mara mbili.