Mwani wa Paje, amwani ya Karagwe: thamani inapotelea wapi?

Ukitaja mwani pale Paje, Unguja, watu watafikiria mazao ya baharini yaliyofungwa kwenye kamba. Ukitaja amwani Karagwe au Kyerwa, watafikiria kahawa. Kati ya mazao haya mawili kuna zaidi ya kilomita 1,000, lakini yote yanalimwa na familia ndogo, yanaanikwa juani, na sehemu kubwa huvuka mipaka yakiwa ghafi. Ndiyo maana nataka tuyasome pamoja.

Hebu tuanze na kahawa. Watu wa magharibi mwa Ziwa Victoria waliijua robusta kabla Mzungu hajafika. Matunda yalichumwa, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, kisha yakatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwa amwani. Waliochanjiana udugu walikula buni mbili za tunda moja. Yaani mnyororo wote wa thamani, kuanzia mti hadi mkono wa mlaji, ulikuwa nyumbani.

Ukoloni uliukata mnyororo huo. Chini ya Wajerumani, halafu Waingereza, kahawa ikawa zao la kodi na la meli. Mkulima akabaki na kazi ya kuchuma na kuanika. Kukaanga, kusaga na kufungasha kukahamia kwa wengine, hasa ng'ambo.

Baada ya uhuru kulikuwa na jaribio kubwa la kurudisha hatua hizo. Kiwanda cha kahawa ya mumunyifu cha TANICA kilijengwa Bukoba miaka ya 1960. Mwaka 1990 wakulima wa Karagwe wakapata chama kikuu chao wenyewe, KDCU, ambacho baadaye kiliingia kwenye soko la biashara ya haki. Kyerwa ilipokuja kuwa wilaya, ikaendelea kuwa ndani ya chama hichohicho.

Sasa kama kiwanda kipo na ushirika upo, tatizo ni nini? Jibu moja linaitwa butura. Mkulima anauza kahawa ikiwa bado maua au matunda mabichi, kwa bei ya chini sana, kwa sababu mtoto anaumwa au Januari imefika na shule inadai sare na madaftari. Msimu ukifika, mavuno si yake tena. Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi, lakini shida inayoizaa haijui marufuku. Mwenye pesa ananunua muda wa mkulima, na faida ya kusubiri inaenda kwake.

Turudi Paje. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihimiza kilimo cha mwani miaka mingi kabla biashara haijaanza. Mwaka 1989 mashamba ya biashara yakaanza pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Wengi walioingia majini ni wanawake. Wanunuzi waliwapa kamba, nao wakatakiwa kuwauzia wao mavuno. Unaona? Hata huku mavuno yalikuwa na mwenyewe kabla hayajakomaa.

Mwani mkavu husafirishwa nje, na huko hutolewa karajinani, kitu kinachoongeza uzito kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Vikundi vya wanawake Zanzibar, wakisaidiwa na watafiti kama Dkt. Flower Msuya, wamejifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Sabuni moja huuzwa kwa bei kubwa kuliko kilo nzima ya mwani mkavu. Lakini sabuni nayo inataka mtaji, vifungashio, na subira mpaka mteja apatikane.

Tunapozungumzia kuongeza thamani, mara nyingi tunawaza mashine. Historia ya mazao haya mawili inanionyesha kwamba hatua ya kwanza iko kabla ya mashine: nani anamlisha mzalishaji wakati zao linakomaa? Mikopo midogo ya AMCOS, inayotolewa kabla ya mavuno na kwa riba inayobebeka, inaweza kumwongezea mkulima wa Kyerwa thamani kuliko kinu kipya. Kinu kinasaga kahawa ya yeyote aliyeileta. Kama iliuzwa ikiwa ua, aliyeileta si yule aliyeipalilia.